Namna ya Kukokotoa Umbali wa Angani na Muda wa Safari ya Ndege Kutoka Kisumu

Mtu aliyeko Kisumu akiuliza umbali wa kwenda Nairobi kwa ndege, anaweza kuelezwa kuwa ni kilomita 263, kwingine akaambiwa ni 269, na mahali pa tatu akasoma 280. Majibu yote matatu ni sahihi, kwa sababu kila moja limepimwa baina ya sehemu tofauti: la kwanza linatoka katikati ya jiji la Kisumu hadi katikati ya jiji la Nairobi, la pili linatoka uwanja wa ndege wa Kisumu hadi uwanja wa Wilson, na la tatu linaishia katika uwanja wa kimataifa wa Jomo Kenyatta ulioko Embakasi. Kwa hiyo, kabla ya kushika kalamu au kikokotoo, amua kwanza unapima kutoka wapi hadi wapi. Anayesafiri kwa ndege hapimi kutoka nyumbani kwake wala kutoka kituo cha mabasi. Anapima kutoka uwanja hadi uwanja, na tofauti ya kilomita kumi na moja kati ya Wilson na Embakasi, ingawa ni ndogo angani, huwa kubwa sana mtu anapokuwa ndani ya gari jijini Nairobi saa ya msongamano.

Sisi tunaoishi magharibi mwa Kenya tuna bahati moja katika jambo hili, nayo ni ukaribu wetu na ikweta. Mstari huo unapita Maseno, mwendo mfupi kutoka Kisumu, na ukaribu huo hurahisisha hesabu ambayo katika nchi za mbali na ikweta huhitaji fomula ndefu. Sababu yake ni hii: mistari ya longitudo, inayotoka ncha ya kaskazini ya dunia hadi ncha ya kusini, hukaribiana kadiri unavyoiacha ikweta, kama vipande vya chungwa vinavyokutana kwenye kikonyo. Kwenye ikweta, nyuzi moja ya longitudo ina urefu wa kilomita 111 hivi, sawa na nyuzi moja ya latitudo, inayopimwa kutoka ikweta kwenda kaskazini au kusini. Lakini katika latitudo ya London nyuzi hiyohiyo ya longitudo imepungua hadi kilomita 69 hivi. Hapa kwetu upungufu huo ni mdogo mno hata unaweza kuachwa bila kuharibu jibu.

Kupata umbali kwa kalamu na karatasi

Tafuta kwanza latitudo na longitudo za viwanja viwili. Ukibonyeza mahali fulani kwa muda kidogo kwenye ramani ya simu, namba mbili hutokea; ya kwanza ni latitudo na ya pili ni longitudo. Namba ya latitudo ikiwa na alama ya kutoa mbele yake, mahali hapo pako kusini mwa ikweta. Mara nyingi namba hizo huandikwa kwa desimali, kwa hiyo chukua sehemu iliyo baada ya nukta, uizidishe kwa 60, nawe utapata dakika. Hizi ni dakika za pembe, ambazo sitini kati yake hufanya nyuzi moja, wala hazihusiani na dakika za saa.

Uwanja wa Kisumu uko nyuzi 0 dakika 5 kusini, na nyuzi 34 dakika 44 mashariki. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko nyuzi 1 dakika 19 kusini, na nyuzi 36 dakika 56 mashariki. Tofauti ya latitudo ni nyuzi 1 dakika 14, yaani dakika 74. Tofauti ya longitudo ni nyuzi 2 dakika 12, yaani dakika 132. Namba hizi mbili ni pande mbili za pembetatu mraba, na njia ya ndege ni upande wake mrefu. Zidisha 74 kwa 74 upate 5,476. Zidisha 132 kwa 132 upate 17,424. Jumlisha upate 22,900. Kisha tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo, ambacho ni 151 na ushei. Jibu hilo ni umbali kwa maili za baharini, kipimo ambacho marubani hukitumia hadi leo kwa sababu maili moja ya baharini, yenye mita 1,852, ndiyo urefu wa dakika moja ya pembe juu ya uso wa dunia. Ukizidisha 151 na ushei kwa 1.852, unapata kilomita 280.

Hesabu hiyo humchukua mwanafunzi wa sekondari dakika chache, na ina faida kubwa kuliko kusoma jibu lililo tayari: inakuwezesha kutambua jibu la kompyuta linapokuwa limepotoka. Ukiandika jina la mji katika programu ya kupima umbali, programu inaweza kuchagua mji mwingine wenye jina kama hilo katika nchi nyingine, au ikakupa umbali wa barabara badala ya umbali wa angani, nawe usigundue kama huna namba yako ya kulinganishia.

Kuna mtego mmoja unaowahusu hasa watu wa eneo hili. Kisumu na Nakuru ziko kusini mwa ikweta, lakini Kakamega, Bungoma na Eldoret ziko kaskazini yake. Mahali pawili palipo upande mmoja wa ikweta, latitudo zao hutolewa. Palipo pande mbili tofauti, latitudo hujumlishwa. Uwanja wa Eldoret uko nyuzi 0 dakika 24 kaskazini, na nyuzi 35 dakika 14 mashariki. Mtu akitoa 5 katika 24 atapata 19, na umbali wake kutoka Kisumu utatoka kilomita 66 hivi. Njia sahihi ni kujumlisha 5 na 24 ili kupata 29. Tofauti ya longitudo ni dakika 30. Na umbali unakuwa maili za baharini 42 hivi, yaani chini kidogo ya kilomita 80. Kosa la kilomita kumi na zaidi katika safari fupi kama hiyo si dogo hata kidogo.

Kwa Mombasa hesabu ni ileile. Uwanja wa Moi uko nyuzi 4 dakika 2 kusini, na nyuzi 39 dakika 36 mashariki. Tofauti za dakika 237 na 292 zinaleta maili za baharini 376, ambazo ni kilomita 696 hivi. Sasa linganisha na safari ya kupitia Nairobi: kutoka Kisumu hadi Embakasi ni kilomita 280, na kutoka Embakasi hadi Mombasa ni 423, jumla 703. Tofauti ni kilomita saba tu, kwa kuwa Nairobi iko karibu kabisa na mstari unaonyooka kutoka Kisumu hadi Mombasa. Wengi hudhani kwamba kupitia Nairobi ni kuzunguka, kumbe angani hakuna mzunguko wa maana. Kinachokula muda ni kushuka, kusubiri na kupanda tena. Kwa hiyo anayelinganisha tiketi ya moja kwa moja na ile ya kuunganisha asiangalie ramani, aangalie muda wa kusubiri Embakasi.

Njia hii ya pembetatu inafaa Afrika Mashariki nzima, lakini isipelekwe mbali zaidi ya hapo. Ukiitumia kutoka Nairobi hadi London bila marekebisho, utapata takriban kilomita 7,190, ilhali umbali wa kweli ni kama kilomita 6,840. Mwenye kikokotoo cha sayansi anaweza kupata jibu sahihi hivi: zidisha saini ya latitudo ya kwanza kwa saini ya latitudo ya pili, zidisha kosaini za latitudo hizo mbili, kisha uzidishe tena kwa kosaini ya tofauti ya longitudo, jumlisha matokeo hayo mawili, tafuta pembe ambayo kosaini yake ni jumla hiyo, kisha zidisha nyuzi za pembe hiyo kwa 60 ili upate maili za baharini. Latitudo za kusini ziandikwe na alama ya kutoa, na longitudo za magharibi vilevile. Ukifuata hatua hizo kwa makini kati ya Embakasi na uwanja wa Heathrow wa London, pembe itatoka nyuzi 61 na nusu hivi.

Kutoka kwenye umbali kwenda kwenye muda

Hapa ndipo penye uzito, na ndipo watu wengi wanapokosea, kwa kuwa hugawa umbali kwa mwendo wa ndege na kuliamini jibu linalotoka. Kampuni ya Jambojet hutumia ndege za propela aina ya Dash 8-400, ambazo mwendo wake zikiwa zimekwisha kupanda hufika kilomita 667 kwa saa. Ndege za jeti aina ya Embraer 190, ambazo Kenya Airways huzitumia, husafiri kwa kilomita 830 hivi kwa saa. Ukigawa 280 kwa 667 unapata dakika 25. Ukigawa kwa 830 unapata dakika 20. Lakini ratiba za safari ya Kisumu hadi Nairobi huandika dakika 45 hadi 60. Dakika zilizobaki zinatumika katika mambo ambayo mgawanyo huo hauyahesabu.

Ndege haianzi safari kwa mwendo wake mkubwa. Inapopanda huenda polepole zaidi, na inaposhuka hupunguza mwendo mapema ili ijipange katika mstari wa wanaosubiri kutua. Katika safari ya kilomita 280, sehemu ambayo ndege huipita kwa mwendo kamili ni fupi, na ndiyo maana jeti haiishindi sana ndege ya propela kati ya Kisumu na Nairobi. Tofauti ya dakika tano inaweza kufutwa kabisa na zamu moja ya kusubiri kutua. Abiria anayelipa zaidi kwa ajili ya mwendo wa jeti katika safari hii, kwa maoni yangu, hapati alichokilipia. Heri achague saa ya safari inayomfaa.

Mwelekeo wa barabara ya kurukia nao unahusika. Ncha za barabara ya kurukia ya Kisumu zimeandikwa 06 na 24, maana yake ndege huruka kuelekea nyuzi 60 za dira, yaani kaskazini-mashariki, au nyuzi 240, yaani kusini-magharibi kuelekea ziwani. Nairobi iko upande wa nyuzi 119 hivi, kusini-mashariki. Ndege ikiruka kuelekea ziwani hulazimika kugeuka nyuzi 120 hivi kabla ya kushika njia yake, na abiria aliyekaa dirishani huiona Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria vizuri zaidi kuliko alivyotarajia. Rubani hachagui upande kwa kupenda. Ndege huruka na kutua ikiukabili upepo, na upepo wa Kisumu hubadilika mchana ziwa linapoanza kuvuma kuelekea nchi kavu.

Kwa hiyo kanuni ninayoipendekeza ni hii: gawa umbali kwa mwendo wa ndege, ongeza dakika 15 kwa ajili ya kupanda, kugeuka na kushuka, kisha ongeza dakika 10 nyingine kwa ajili ya mwendo wa ardhini kabla ya kuruka na baada ya kutua. Kwa Dash 8-400 kutoka Kisumu hadi Embakasi, unapata 25, na 15, na 10, jumla dakika 50. Kwa ndege hiyohiyo kutoka Kisumu moja kwa moja hadi Mombasa, unapata dakika 63, na 15, na 10, yaani karibu muda wa saa moja na nusu. Muda unaoandikwa kwenye tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoondoka ilipoegeshwa hadi inaposimama tena, wala si tangu magurudumu yanapoiacha ardhi, na ndiyo sababu zile dakika 10 hazipaswi kusahaulika.

Upepo wa juu, unaotajwa sana na wasafiri wa ng'ambo, hauna nguvu kubwa katika safari za ndani. Upepo wa maili 20 za baharini kwa saa ukiisukuma au kuizuia ndege ya propela kati ya Kisumu na Nairobi hubadilisha muda kwa dakika moja na nusu hivi. Katika safari ya Nairobi hadi London hali ni nyingine, kwa sababu kaskazini ya mbali pepo za juu huvuma kwa nguvu kutoka magharibi. Hesabu tupu huleta muda wa saa nane hivi, lakini ratiba hukaribia saa tisa.

Kwetu sisi, kinachoharibu hesabu ni ngurumo. Mstari ulionyooka kutoka Kisumu hadi Embakasi unapita karibu na Kericho, ukavuka milima ya Mau, kisha ukateremka Bonde la Ufa kati ya Narok na Naivasha. Kericho na vilima vya Nandi vinajulikana kwa mvua ya mawe na radi za alasiri, zinazojengeka pale hewa yenye unyevu kutoka ziwani inaposukumwa juu ya miinuko. Rubani hapiti katikati ya wingu la radi. Hulizunguka, hata kama kulizunguka kunaongeza kilomita nyingi, na anastahili shukrani zetu kwa kufanya hivyo. Mwenye shughuli isiyoweza kuchelewa, kama vile kesi mahakamani au miadi ya hospitali, achague ndege ya asubuhi, hasa katika miezi ya mvua za masika.

Muda wa safari nzima

Chukua mfano wa mtu anayetoka Kakamega kwenda katikati ya jiji la Nairobi. Barabara ya kilomita 50 hivi hadi Kisumu, pamoja na kufika uwanjani ulioko kwenye barabara ya Busia, impe muda wa saa moja na robo. Afike uwanjani saa moja na nusu kabla ya kuruka, ili ukaguzi wa usalama usimtie wasiwasi. Ndege ni dakika 50. Kushuka na kusubiri mzigo ni dakika 25. Gari kutoka Embakasi hadi mjini, likienda vizuri, ni dakika 45. Jumla inakaribia saa tano kasoro robo, na kati ya muda huo wote, zile dakika 25 za mwendo kamili angani hazifiki sehemu moja ya kumi. Hata hivyo basi la Kisumu hadi Nairobi, kwa barabara ya kilomita 350 hivi inayopanda Kericho na kupita Nakuru, huchukua muda wa saa sita hadi nane, kwa hiyo ndege bado ina faida, ila faida hiyo ni ndogo kuliko dakika 50 za tiketi zinavyoashiria.

Kwa mkazi wa Nakuru hesabu inageuka. Kutoka Nakuru hadi uwanja wa Kisumu ni kilomita 150 hivi angani na 180 hivi kwa barabara. Kwenda kwanza Embakasi kutafuta ndege ya Kisumu ni kurudi nyuma zaidi ya kilomita 160, hivyo barabara ndiyo jibu bila kusita. Akienda Mombasa, uwanja wake ni Embakasi, na muda wa ndege ni saa moja hivi; lakini hesabu ya safari yake ianzie Naivasha na Rironi, kwa sababu msongamano wa huko ndio utakaoamua kama ataiwahi ndege.

Kusoma saa za tiketi

Tiketi huandika saa kwa mtindo wa saa ishirini na nne kwa siku, na daima kwa majira ya mahali husika. Kenya, Uganda na Tanzania zina majira mamoja, lakini Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Safari ya Nairobi hadi Kigali, ya kilomita 760 hivi, ikichukua muda wa saa moja na nusu, tiketi itaonyesha tofauti ya nusu saa tu kati ya kuondoka na kufika, na wakati wa kurudi itaonyesha saa mbili na nusu. Ili kupata muda wa kweli, badilisha saa zote mbili ziwe za Nairobi kwanza, ndipo utoe.

Kuna pia kubadilisha saa hizo kuwa zetu. Saa 07:10 ya tiketi ni saa moja na dakika kumi asubuhi, na 19:10 ni saa moja na dakika kumi usiku. Toa sita katika namba ya saa kuanzia 07 hadi 18, au kumi na nane kuanzia 19 hadi 23; kuanzia 00 hadi 06, ongeza sita. Uangalifu mkubwa uwe kwa saa zinazofuata usiku wa manane, kwa kuwa ndege nyingi za kwenda ng'ambo huondoka Embakasi wakati huo. Tiketi inayosema Jumanne 00:30 inamaanisha saa sita na nusu ya usiku wa kuamkia Jumanne. Abiria huyo lazima awe uwanjani tangu Jumatatu saa tatu usiku, na kama anatoka Kisumu, ndege yake ya kuunganisha iwe ya Jumatatu mchana, mapema kabla ya mawingu ya Kericho.